Maswali yanayoulizwa sana kuhusu gamba la kobe: kulainika, kuoza, vinundu na nyufa

Haya ni maswali ambayo wafugaji wa kobe wanauliza kila siku, nimeyajibu kwa kirefu pale panapohitaji na kwa kifupi pasipohitaji. Kitu kimoja nataka ukishike kabla hujasoma chochote: gamba huwa linachelewa kusema. Unachokiona leo kwenye gamba kimesababishwa na chakula, jua na maji ya miezi kadhaa iliyopita, kwa hiyo ukisubiri mpaka tatizo lionekane wazi kabisa ujue umeshachelewa kidogo, na ndo maana kukagua mapema ni muhimu kuliko dawa yoyote.

Kobe anahisi ukimgusa gamba, au ni kama kofia tu?

Anahisi, tena vizuri tu. Gamba ni sehemu ya mifupa yake, mbavu na uti wa mgongo vimeungana na gamba la juu, hawezi kutoka humo hata siku moja kama wanavyochorwa kwenye katuni. Juu ya mfupa kuna vipande vya keratini, ile inayotengeneza kucha zetu, na katikati hapo kuna ngozi hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ukilikwaruza anahisi, likipasuka linatoka damu na linauma sana. Watu wengi wanachelewa kumpeleka kobe kwa daktari sababu wanaona "ni gamba tu limepasuka". Hapana jamani, huo ni mfupa umevunjika.

Nimkagueje, na mara ngapi?

Kila unapomwogesha, au walau mara moja kwa wiki. Mshike kwa mikono miwili, usimgeuze kwa ghafla, mwinue juu kidogo uangalie chini ya tumbo kwanza, maana huko ndo matatizo mengi yanaanzia na huko ndo hakuna anayeangalia. Pitisha kidole taratibu kila sehemu, je pana mahali panabonyea? Pana shimo dogo, unyevunyevu, rangi iliyobadilika? Nusa. Ndiyo, nusa kabisa, gamba lenye afya halina harufu zaidi ya udongo na majani, harufu ya kitu kilichooza ni dalili ambayo mara nyingi inatangulia macho. Afu angalia kwenye viungio vya vipande, karibu na shingo na miguu ya nyuma, kupe wanapenda kujificha huko.

Piga picha juu, chini na pembeni kila mwezi, na mpime uzito kwa mizani ya jikoni. Mtu anayemwona kobe kila siku hawezi kuona mabadiliko ya polepole, lakini ukiweka picha ya leo pembeni ya ile ya miezi minne nyuma utaona vitu vya kukushangaza. Na daktari akiziona picha hizo anapata nusu ya historia bila kukuuliza.

Kobe wangu ni mdogo sana na gamba linabonyea, anaumwa?

Si lazima. Kifaranga aliyetoka kwenye yai huwa na gamba lenye kunepa kidogo, mifupa yake haijafunga yote bado, na inaendelea kukaza kadri anavyokua. Kinachotakiwa ni kila mwezi liwe gumu kuliko mwezi uliopita. Likibaki vilevile, au likilainika zaidi, au kifaranga anaburuta tumbo badala ya kujiinua anapotembea, huyo ana shida na asisubiri.

Kuna pia kobe yule bapa anayeishi kwenye nyufa za miamba, Malacochersus tornieri, huyo gamba lake ni jembamba na linanepa maisha yake yote, ndivyo alivyoumbwa ili ajibane kwenye mawe.

Kobe mkubwa gamba lilikuwa gumu na sasa limelainika, kwa nini?

Hapa usipoteze muda kuuliza watu, nenda kwa daktari wa wanyama, na kama unaweza kumpata anayewajua reptilia ni bora zaidi. Sababu kubwa ni mwili kukosa kalsiamu, aidha haiko kwenye chakula, aidha ipo ila mwili hauwezi kuichukua kwa sababu hakuna vitamini D3, na vitamini hiyo kobe anaitengeneza mwenyewe kwenye ngozi akipata mionzi ya UVB ya jua. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye damu unaenda kuichota kwenye mifupa, na gamba ni mfupa, kwa hiyo linaliwa kutoka ndani. Dalili zingine zinazoambatana na hiyo: taya kulegea, mdomo kupinda, miguu kutetemeka, kingo za gamba kujikunja kuelekea juu, mgongo kuwa bapa au kubonyea sehemu ya nyuma. Lakini kwa kobe mkubwa figo zikiharibika nazo zinaleta hali hiihii, na jike anayetaga sana bila kuongezewa kalsiamu vilevile, ndo maana unahitaji vipimo vya damu na eksirei. Kumwagia unga wa kalsiamu peke yake kwa kubahatisha kunaweza kusikusaidie chochote.

Anakaa karibu na dirisha, jua linampiga vizuri. Si inatosha?

Haitoshi. Kioo cha kawaida kinazuia karibu UVB yote, anapata mwanga na joto tu ila vitamini D3 hatengenezi. Tena tangi la kioo likiwekwa juani linapanda joto haraka sana na kobe anaweza kufa humo ndani, hili si la kujaribu hata kwa dakika chache ukiwa umeenda kupokea simu.

Jua la nje la moja kwa moja ndo bora kuliko taa yoyote, ila lazima awe na kivuli cha kukimbilia. Kama hawezi kutoka nje, weka taa ya UVB ya reptilia, na hapa watu wanakosea kwenye vitu vitatu. Kwanza taa za aina nyingi hupungukiwa UVB ndani ya miezi 6 hadi 12 ingawa zinaendelea kuwaka vizuri tu, jicho lako haliwezi kuona tofauti, kwa hiyo andika tarehe uliyoifunga kwenye taa yenyewe. Pili umbali, taa iliyo juu sana haimfikii na iliyo karibu sana inaumiza macho, fuata vipimo vya mtengenezaji. Tatu wavu, ukiweka wavu mzito kati ya taa na kobe unapoteza sehemu kubwa ya mionzi. Na pamoja na hiyo taa lazima pawe na sehemu ya kuota joto, kwa spishi nyingi zinazofugwa ni nyuzi 32 hadi 35 za selsiasi pale anapokaa, maana kobe mwenye baridi hata ale nini chakula hakisagiki vizuri.

Kalsiamu nimpe kiasi gani?

Cha kuangalia ni uwiano wa kalsiamu na fosforasi kwenye chakula, kalsiamu iwe walau mara moja na nusu ya fosforasi, na ikifika mara mbili ni nzuri zaidi. Majani mapana ya porini, magugu na nyasi mara nyingi yanafikia hapo, wakati matunda, nafaka, mkate na nyama viko kinyume kabisa. Chakula cha mbwa na paka usimpe, maziwa pia, hata akionekana anapenda.

Unga wa kalsiamu usio na fosforasi nyunyizia kidogo tu juu ya majani mara chache kwa wiki, wadogo wanaokua na majike wanaotaga wapewe zaidi. Mwekee na mfupa wa ngisi pembeni, atautafuna mwenyewe akihitaji. Unga wenye D3 ndani ni kwa wale wasiopata jua, na usizidishe, maana D3 nyingi kupita kiasi inafanya kalsiamu igande kwenye figo na mishipa ya damu. Watu wanadhani vitamini haizidi. Inazidi.

Kobe wangu ameota vinundu mgongoni kama vilima, nimeambiwa ni protini nyingi. Kweli?

Hilo ndo jibu la zamani na bado linazunguka sana. Kwa miaka mingi watu waliamini protini ndo mkosaji, lakini utafiti uliochapishwa 2003 na Wiesner na Iben kuhusu vitoto vya kobe aina ya sulcata ulionyesha kwamba kilicholeta tofauti kubwa ni ukavu wa hewa, waliokulia kwenye hewa kavu waliota vinundu vikubwa kuliko waliokulia kwenye unyevu, na protini ilichangia kidogo sana. Wafugaji wengi walioanza kukuza vitoto kwenye unyevu wameona wenyewe migongo inatoka laini.

Hiyo haina maana umlishe protini ovyo, ina madhara yake kwenye figo, na kobe anayenenepeshwa akue haraka huku kalsiamu na jua havitoshi atakuwa na mifupa mibovu chini ya hivyo vinundu. Lakini kama unatafuta kitu cha kwanza cha kurekebisha ni maji na unyevu, hasa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Zile taa kali za joto zinazomulika mgongo mchana kutwa nazo zinakausha gamba vibaya, kitoto anakaa chini yake masaa na masaa na bakuli la maji limekauka pembeni, inasikitisha kuona.

Spishi chache, kwa mfano kobe wa nyota wa India, hata porini baadhi yao wana vinundu kiasi, kwa hiyo kabla hujajilaumu jua kwanza kobe wako ni wa aina gani.

Vinundu vinaweza kuondoka?

Vilivyokwisha kuota havishuki. Ila ukirekebisha mazingira, sehemu mpya inayoota pembeni ya kila kipande inaweza kutoka bapa, na miaka ikienda kobe anaonekana vizuri zaidi. Vinundu vya kawaida kwenye gamba gumu havimzuii kuishi maisha marefu. Vinundu kwenye gamba linalobonyea ni habari nyingine, hapo rudi kwenye swali la kulainika. Na tafadhali usikubali mtu akwambie avipige msasa, unakumbuka nilichosema mwanzo kuhusu mishipa ya fahamu.

Sasa unyevu wote huo hauozeshi gamba?

Swali zuri sana na ndo linalowachanganya wengi, huku unaambiwa mwekee unyevu, kule unaambiwa unyevu unaozesha. Ukweli ni kwamba hewa yenye unyevu ni kitu kimoja na sakafu iliyolowa na uchafu ni kitu kingine. Kitoto anahitaji hewa yenye unyevu, asilimia 70 hadi 80 pale anapolala ni sawa kwa vitoto vya spishi nyingi, huku udongo juu ukiwa mkavukavu na chini ukiwa na majimaji. Mwagia maji kwenye kona yashuke chini, usinyunyize juu kila saa ukamfanya alalie tope. Njia rahisi kuliko zote ni kumtengenezea kijiboksi cha kujificha chenye mosi (vile vimmea laini vya kijani vinavyoota kwenye mawe yenye unyevu) uliolowanishwa na kukamuliwa, akitaka unyevu anaingia, akitosheka anatoka. Nunua haigromita (kipimo cha unyevu wa hewa) na kipimajoto, usikadirie kwa mkono.

Halafu unyevu lazima uende na joto. Unyevu na baridi pamoja ndo unaoleta kuoza kwa gamba na magonjwa ya mapafu, kwa vitoto vya nchi za joto usiku pasishuke chini ya nyuzi 25 hivi. Hata wale wa nchi kavu, porini vitoto vyao havikai juani siku nzima, vinajichimbia kwenye mashimo na chini ya majani ambako hewa ina unyevu kuliko juu.

Kuoga pia kunasaidia mno, maji ya vuguvugu yafike chini ya kidevu, dakika 15 hadi 20, vitoto kila siku au mara kadhaa kwa wiki, wakubwa mara moja kwa wiki inatosha. Anakunywa, anajisaidia, afu unamfuta akauke kabla hajarudi kwake.

Gamba kuoza kunaonekanaje?

Mara nyingi kunaanza na doa dogo tu, kipande kinabadilika rangi kuwa cheupe au kijivu au cha njano, kinaanza kunyanyuka ukingo, ukigusa pana ulaini au pana majimaji chini yake. Baadaye yanatokea mashimo, harufu, wakati mwingine usaha au maji yenye damu. Kuna aina kavu pia, inayokwanguka ungaunga bila harufu kali, mara nyingi ni fangasi, hii inaenda polepole ndo maana watu wanaipuuza.

Vijidudu vinaingia pale gamba lilipojeruhiwa, kakwaruzika kwenye saruji, kaumwa na kupe, kagongwa na mwenzake, afu akalala kwenye kinyesi na mkojo. Kwa hiyo usafi wa anapolala ndo kinga namba moja.

Ukiona wekundu umesambaa kwenye gamba la tumbo kama damu imevilia chini yake, na kobe amezubaa na hataki kula, hiyo inaweza kuwa sumu ya bakteria imeingia kwenye damu. Usingoje kesho.

Naweza kutibu mwenyewe nyumbani?

Doa dogo, kavu, la juujuu, lisilonuka, unaweza kuanza wakati unatafuta daktari: msafishe kwa maji ya vuguvugu na mswaki laini, kausha, paka iodini ya povidoni uliyoizimua kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi, au klohexidini (dawa nyingine ya kuua vijidudu) iliyozimuliwa, mweke kwenye sehemu kavu na safi kwenye matandiko ya karatasi unayobadilisha kila siku. Peroksaidi usiifanye dawa ya kila siku, inaua na seli zenye afya zinazojaribu kuponya.

Likiwa laini, linanuka, linatoa maji au limefika mfupa, hilo ni la daktari. Atatoa sehemu iliyokufa kwa ganzi na pengine atampa antibiotiki za sindano, na hakuna mafuta ya kupaka yanayoweza kufika huko ndani. Usifunike doa kwa kitu chochote kisichopitisha hewa.

Naona mistari myeupe kati ya vipande, ni fangasi?

Kama ni myembamba, imenyooka, ipo kila mahali sawasawa na ni safi, hiyo ni sehemu mpya inayokua. Furahi tu, usiisugue. Ungaunga mweupe unaobaki baada ya kuoga na kutoka kwa mswaki mara nyingi ni chumvi za maji.

Kipande cha gamba kimebanduka, si wanabadilisha kama nyoka?

Kasa wengi wa maji baridi hubandua vipande vyembamba vya juu wanapokua na ni kawaida kwao. Kobe wa nchi kavu hafanyi hivyo. Kipande kikibanduka kuna sababu, inaweza kuwa maambukizi, figo, au kuungua. Kuungua kunatokea zaidi ya watu wanavyofikiri, kobe amekua na kuwa mrefu ila taa ya joto imebaki palepale, au amelalia jiwe la umeme linalochoma tumbo bila yeye kuhama. Doa la kuungua linaweza kuonekana baada ya wiki nyingi, kipande kinapauka kisha kinaachia na mfupa unaonekana.

Mbwa amemng'ata, au ameanguka na gamba limepasuka. Nifanye nini sasa hivi?

Mtoe kwenye hatari, mweke kwenye boksi lenye taulo safi, sehemu ya joto la kawaida na giza, umtulize. Damu ikiwa inatoka bonyeza taratibu kwa shashi safi. Uchafu wa juu unaweza kuusuuza kwa maji ya chumvi ya hospitali, lakini ufa ukiwa umeingia ndani usimwagie maji na usimweke kwenye beseni, maana mapafu ya kobe yako juu, yamegusana na gamba la mgongo kwa ndani, na maji yanaweza kuingia humo. Funika kwa shashi iliyolowanishwa, mzuie inzi wasimfikie kabisa kwa sababu wanataga kwenye kidonda na funza wanatoka haraka, kisha nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Hata alama ndogo ya jino la mbwa, mdomo wa mbwa umejaa bakteria na wanabaki ndani.

Vipande vilivyotoka vichukue uende navyo. Angalia pia kama anasogeza miguu ya nyuma umwambie daktari, uti wa mgongo umepita humo.

Na mbwa, hata yule mpole aliyekua na kobe nyumba moja, usiwaache peke yao. Mbwa anaona kitu kigumu cha kutafuna.

Nizibe ufa kwa supaglu?

Hapana. Ukiziba unafungia bakteria ndani, gundi ikiingia kati ya kingo mfupa haungani, na daktari atalazimika kuibandua kwanza. Siku hizi nyufa nyingi zinaunganishwa kwa waya, skrubu ndogo au vibanio huku kidonda kikiachwa kisafishwe.

Vipi mafuta ya kung'arisha, kupaka rangi, au kutoboa nimfunge kamba?

Mafuta hayahitajiki, yanakusanya vumbi na uchafu, na mng'ao si dalili ya afya. Rangi inazuia jua na inaweza kuwa na sumu, ukimkuta tayari amepakwa usitumie thina, mpeleke kwa daktari itolewe polepole. Kutoboa ni kumtoboa mfupa mzima, ni ukatili na ni mlango wa maambukizi. Ukiogopa atapotea jenga uzio, na uuzike kidogo chini maana wengine wanachimba.

Ana kupe, nimchome ile sindano ya kupe ya mifugo?

Kama ni aivamektini, usithubutu! Dawa hiyo inayotumika kwa ng'ombe na mbuzi inaweza kumpoozesha na kumuua kobe. Toa kupe kwa koleo ndogo, shika karibu na ngozi, vuta taratibu bila kuzungusha, safisha kwa iodini iliyozimuliwa.

Madume wanagongana, ni tatizo?

Ndiyo, na si kwa madume tu. Dume anayemsumbua jike kila siku anaweza kumchubua gamba la nyuma mpaka mfupa. Watenganishe, na wasionane.

Pete za kwenye gamba zinaonyesha umri? Na huyu ana vipande vya ziada.

Pete zinafuata vipindi vya kula vizuri na vya njaa, mwaka mmoja anaweza kuwa na zaidi ya pete moja, kwa hiyo usizitegemee. Vipande vya ziada au vilivyopinda mara nyingi vinatokana na hali ya yai lilivyoatamiwa, havina madhara.

Kupona kunachukua muda gani?

Kobe anapona polepole kama anavyofanya mambo yake mengine. Kuoza kidogo ni wiki kadhaa, kuoza kwa ndani ni miezi, ufa wa mfupa unaweza kuchukua mwaka au zaidi na alama ikabaki. Katikati hapo utaona sehemu ya kidonda imekuwa ngumu, kavu, rangi tofauti, hiyo ni nzuri, usiibandue, chini yake keratini mpya inajengeka na ile ya juu itaachia yenyewe. Endelea na joto, jua, maji na kalsiamu kipindi chote hicho, hata pale ambapo mwezi mzima huoni tofauti, na mikono nawa kwa sabuni kila ukimaliza kumsafisha, kobe wengi wanabeba salmonela (bakteria wanaoharisha watu) bila kuumwa wenyewe, hasa kama nyumbani kuna watoto wadogo.